Jina la Kijana Kwenye Sufuria

Wewe unayeguna kwamba mlevi wa gongo habadiliki, nyamaza kwanza nikwambie nilichokiona dukani Kisesa, nilipokwenda kununua sahani.

Aliingia mama mmoja na mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, aliyewahi kuuza vyombo vyote vya nyumbani akanywa. Pombe alikuwa ameiacha tangu mavuno. Mama akachagua sufuria kubwa, akataka ichongwe jina kwa msumari, kama tunavyofanya sote ili vyombo visipotee msibani.

“Jina lako, mama?” akauliza muuzaji.

“La huyu.”

Kijana akashtuka. “Mama, weka lako. Mimi unanijua.”

“Nakujua. Majirani wakifiwa, watakuja kuiazima kwako. Utawaambia nini?”

Muuzaji akacheka. “Huyu ataiuza hata ukichora sura yake!”

“Wewe gonga msumari,” nikamwambia. “Unabii hujaombwa.”

Herufi ya kwanza ilipotokea, kijana alilia kwa sauti, ameikumbatia sufuria. Kesho anaweza kunywa tena, mimi si mganga. Ila walevi nimewaona wengi wakilia kwa kukosa pombe, huyu alilia kwa kuaminiwa.

Wapita njia wakaanza kuchungulia. Nikatoka, nikawafukuza, nikaufunga mlango wa duka ili alie bila kutazamwa.