Picha ya Dada Imetoka Uani

Mtunza ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu, na mtaa wetu usiutaje. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma shule ya wasichana hapa Tanga. Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na dada yangu, na baba yetu ni mtu mkali wa heshima. Mficha uchi hazai, ndiyo maana leo nayasema haya mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili.

Mwaka huu shule yetu ilibadilishana wanafunzi na shule moja ya Uganda. Msichana wa huko, nimwite Rozi, alikuja kukaa kwetu mwezi mzima, kisha nami nikaenda kwao. Baba alikubali kwa shingo upande. Aliniambia, "Nakuruhusu kwa kuwa nakuamini. Siku nitakayosikia neno la aibu juu ya safari hii, shule imekwisha." Rozi alikuwa mcheshi, na mama alimpenda kama mwanawe. Wageni wa kiume kwetu huishia barazani, lakini yeye alipitishwa moja kwa moja hadi uani, ambako hata mjomba hapiti bila hodi. "Mwanamke mwenzetu huyo," mama alisema, "tumfiche nini?" Kamera yake ndogo shingoni hakuna aliyeijali. Tulimkaribisha yeye, hatukukumbuka kwamba kamera ingekwenda kuonyesha watu wengine.

Dada, nitamwita Mwanaidi, ameposwa na yumo ndani anangojea harusi, hata dirishani hachungulii. Asubuhi moja alikuwa uani anasukwa, kanga ameifunga kifuani, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Mimi nilikuwa nakuna nazi. Nikageuka kumjibu, mbuzi ya nazi ikapinduka, nikaanguka chali na kifuu changu mkononi. Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka. Rozi akapiga picha, tukacheka sote, tukaendelea na kazi.

Sikuikumbuka tena mpaka nilipofika Uganda. Shuleni kwao waliandaa maonyesho ya picha za ziara. Naingia ukumbini, namkuta dada yangu ukutani, mkubwa kuliko ramani ya darasani, mabega wazi, anacheka, na wanaume wamesimama wanamtazama! Rozi akanikumbatia, akasema, "Umeona? Nimepata zawadi ya kwanza kwa picha ya dada yako!" Hakuwa na ubaya wowote moyoni, kwa hiyo hata kumkasirikia nilishindwa.

Nilidhani yataishia hukohuko. Kumbe picha zile zimeletwa Tanga. Mwisho wa mwezi huu ni siku ya wazazi, na mwalimu wetu mkuu, bibi wa Kizungu, ameagiza ya dada itundikwe mlangoni. Nilipomsihi aiache, alinijibu, "Usione haya, dada yako ni mzuri." Na mgeni wa heshima siku hiyo ni nani? Ni baba wa mchumba wake, mzee wa Kigombe, mjumbe wa kamati ya shule, ambaye hataki hata sauti ya mkewe isikike barazani. Akiiona tu, posa imevunjika. Nami baba atanitoa shuleni, na mwakani nilitarajia kuingia chuo cha ualimu.

Kabati la picha nimekabidhiwa mimi. Niliazimia kuichoma ile moja, lakini moyo ulinikataza kuichoma bila mwenyewe kujua. Nikaikunja, nikaipitisha ndani ya buibui, nikaingia chumbani kwa dada na kumweleza yote. Nilitegemea atalia.

"Wanaume wameiona?" akauliza.

"Wameiona, dada."

Akashika shavu. Kisha akasema polepole, "Nimetoka vizuri?"

Wasomaji, dada yangu hajapata kupigwa picha nyingine tangu azaliwe. Nikaikunjua kitandani. Aliitazama sana, akaligusa lile jino lake la pembeni ambalo siku zote hulifunika kwa mkono akicheka. Nikamwambia tuichome kabla mama hajaingia. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Huichomi ng'o! Mpelekee anayenioa, aione yeye kwanza kabla ya babaake. Hajapata kuniona hata siku moja. Akiikataa, ndiyo kanikataa mimi, na heri nijue ningali kwetu."

Sasa picha iko chini ya godoro lake. Shuleni bibi mwalimu anaiulizia, nami nasema naisafisha. Nikiipeleka kwa mchumba na akachukia, nitakuwa nimevunja harusi ya dada kwa mkono wangu. Nikiichoma, namchoma yeye. Nikiirudisha kabatini, mlangoni itaonwa na mji mzima. Kila nikirudi nyumbani dada ananiuliza kwa sauti ya chini, "Umeshakwenda?"

Baba zangu, mama zangu na dada zangu mnaosoma, nielekezeni njia upesi, maana mwezi unakwisha. Yeye anangojea jibu la mwanamume ambaye hajamwona, nami nangojea lenu. Nifanye nini?