Mrashi, Barafu na Macho ya Wakwe

Juzi adhuhuri, sokoni Likoni, mama mmoja wa buibui alishika mrashi mkuukuu wa kunyunyizia wageni marashi harusini. Bintiye anaolewa, na wakwe, kwa maneno yake, "wana macho ya sonara."

"Huu ni fedha, au umechovywa fedha juu tu?" akamuuliza muuzaji.

"Fedha tupu, wallahi! Fedha huyeyusha barafu upesi. Tazama."

Muuzaji akaomba barafu kwa jirani yake muuza sharubati, akaiweka juu ya mrashi. Kabla hajamaliza kutabasamu, imekuwa maji.

Mama akaomba kipande kingine, akakiweka juu ya meza ya mbao. Nacho kikayeyuka vile vile. Akaipapasa meza kama hariri.

"Basi nifungie na meza, baba. Nayo ni fedha."

Kwa jua letu hili, barafu huapia chochote kuwa ni fedha.

Kisha akaugeuza mrashi, akasugua uchafu wa kitakoni, pale mchovyo hulika mwanzo. Shaba ikatuchungulia. Akaununua hata hivyo, kwa bei ya shaba.

"Na wale wakwe, mama?" nikamuuliza.

"Mwanangu, ukinyunyiziwa marashi usoni, wewe hufumbi macho?"