Nimeezeka Kabla ya Kumwita Mtu wa Bima

Jamani, msiezeke nyumba kabla hamjamwita mtu wa bima. Nimekasirika hadi chai imenishinda.

Nyumba ni ya mama, hapa Endagikot. Marehemu baba aliijenga kwa matofali mabichi walipohamishiwa kijijini enzi za Ujamaa. Mwezi huu nimeiwekea mabati mapya. Akiba yangu yote ya ualimu iko juu pale.

Leo wakala wa bima kaja. Akampa mama shikamoo, akalisifu paa, nami kichwa kikavimba.

Kisha akasukuma ukuta wa nyuma kwa kiganja tu.

Ukatikisika!

"Mwalimu, hii siwezi kuikatia bima. Ungejenga ukuta kwanza, ndipo uezeke."

Nikampigia fundi. Eti, "Uliniita kuezeka, ukuta hukuniuliza."

Lakini mama ndiye aliyenimaliza. Alisema taratibu, "Nilijua ukuta unatikisika, mwanangu. Niliogopa utabomoa kazi ya baba yako."

Kesho tunashusha mabati, moja moja, yasipinde. Mama amekubali ukuta uvunjwe, ila anataka kuwepo tofali la kwanza likitolewa.

Nyie mliokarabati nyumba za wazee, mlianzia wapi? Semeni, ila msinicheke.