Mlinzi wa Kiwanda Kitupu

Kwa miezi kumi na moja Ephraim alilinda kiwanda cha betri huko Mobeni, mtaa wa viwanda, ambacho hakikuwahi kutengeneza betri hata moja. Ndani mlikuwa na mashine moja iliyofungwa nailoni, na popo. Siku za wageni, wenye fedha waliokuja kukagua, malori yalikuja kutoka Clairwood yamejaa masanduku. Wageni wakiondoka, masanduku yaleyale yalirudi yalikotoka. Ephraim, aliyewahi kufundisha hisabati Bukavu, ndiye aliyeyafungulia geti.

Lakini kwenye soko la hisa bei ya kampuni hiyo ilipanda kila wiki. Mtandaoni watu waliisifu kama nabii mpya.

"Papa Ephraim, unajua kitu matajiri hawajui," alisema Serge, fundi wa simu aliyecheza na hisa kila saa ya chakula cha mchana. "Unaazima hisa za mtu, unaziuza sasa bei iko juu. Zikianguka unazinunua rahisi, unamrudishia mwenyewe. Inayobaki ni yako."

"Na zikipanda?"

"Zipande na nini? Si umesema mule iko popo tu?"

Ephraim alikuwa na randi elfu arobaini, akiba ya jicho la mkewe. Aurélie alikuwa msusi. Jicho la kulia lilikwisha kufunikwa na ukungu, la kushoto lilikuwa njiani. Foleni ya hospitali ya serikali ilihesabiwa kwa miaka. Daktari wa kulipia wa Morningside alitaka elfu sabini.

"Hizo hisa za kuazima," aliuliza Aurélie, "ni kama viti vya matanga?"

"Kama viti."

"Mwenye viti akifiwa, atavitaka siku ileile. Na wewe umeviuza."

"Nitanunua vingine."

"Kama vitakuwako mjini."

"Mama Glody, mimi ninakaa pale getini. Ninaona kwa macho yangu."

Akajuta kusema hivyo. Aurélie aliendelea kumenya ndizi, akipapasa ncha ya kila moja kwa kidole gumba.

Ephraim aliweka akiba yote dhamana, akaazima hisa elfu tatu, akaziuza kwa randi tisa kila moja.

Jumatano iliyofuata wageni walikuja. Mzee mmoja mzungu, ambaye wanunuzi wengi walimfuata alikoweka fedha zake, alibaki nyuma ya wenzake akamsogelea Ephraim.

"Wewe uko hapa kila siku. Niambie kweli. Kazi inaendelea?"

Mkurugenzi alisimama hatua nne tu kutoka pale, akitabasamu. Ephraim aliwaza mshahara wa mwisho wa mwezi, na jinsi mkimbizi asivyopata kazi ya pili upesi.

"Ndiyo, bwana. Kila siku."

Mzee akampa mkono, wakapigwa picha getini. Kufika Ijumaa picha ile ilikuwa imezunguka kote, na bei ilikuwa randi kumi na sita. Hisa zilizouzwa sokoni zilikuwa chache, nyingi zikishikwa na wakubwa wa kampuni. Na wote waliouza za kuazima walikuwa wakikimbilia hizohizo chache, na mbio zao zenyewe zikaipandisha bei. Jumatatu ukaingia ujumbe kwenye simu: mwenye hisa anazitaka, leo. Kabla ya saa sita mchana dalali alizinunua kwa fedha za Ephraim, kwa randi ishirini na mbili kila moja. Baada ya hasara na ada, katika elfu arobaini ikabaki mia saba.

Wiki tano baadaye uongo ule ulifichuka, na hisa ikawa senti thelathini. Serge alipiga simu.

"Eish, Papa. Ulikuwa na haki tangu mwanzo."

Ephraim alikuwa kwenye foleni ya kurudisha sare. Alishukuru, akakata.

Nyumbani alimkuta Aurélie amekaa na kichwa cha mteja kati ya magoti, akipima mstari wa nywele kwa ncha za vidole. Alisubiri mteja aondoke, kisha akamweleza yote, hata lile la getini.

"Huyo mzee alikuuliza wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na ukamwambia kazi inaendelea."

"Nilimwambia hivyo."

Aurélie alipapasa sakafu kando ya kiti chake.

"Nipe kitana," akasema. "Mteja mwingine anakuja."

Kitana kilikuwa mapajani mwa Aurélie mwenyewe. Ephraim aliinama, akakichukua, akamwekea mkononi.