Papa Mukubwa Anataka Nitoe Mashini, na Mimi Njo Mukono wa Kushoto wa Mutoto Wangu

Admin, ficha jina langu na la binti yangu. Lakini usifiche namna anavyojua kucheza, juu hiyo nataka watu wote waisome.

Niko mama wa miaka arobaini na mbili, mujane, shule yangu iliishia primaire. Ninakaa Masisi, mu nyumba moja ya parsele, kiwanja cha kaka mukubwa wa marehemu bwana yangu. Binti yangu anamuita Papa mukubwa, na mimi pia namuita vile kwa heshima. Zamani tulikuwa na mashamba yetu kule Buleusa, Walikale. Siku tulipokimbia vita, risasi ilimupata mutoto wangu mu mukono wa kushoto. Waganga waliuokoa mukono, lakini vidole havikunjiki tena. Leo ana miaka kumi na saba. Murefu, muzuri, ana mayele, akili kupita watoto wote wa hapa, na mwenye kukasirika akasirike.

Kisha ya ile risasi, mutoto aliacha kusema. Mukono aliuficha ndani ya kitenge hata wakati wa joto. Ukimuuliza kitu, anatikisa kichwa tu.

Sasa musikilize. Kuna Papa mumoja wa Butembo mwenye butiki hapa centre. Alileta mashini ya zamani ya michezo, ile ya kufunga ku televizio, ikitumia batri na pano ya jua. Mu muchezo mumoja, kamuntu kadogo kanasimama katikati na vyuma vyenye miguu vinakuja pande zote kukamaliza. Unashika vifimbo viwili: cha kushoto kinakimbiza kale kamuntu, cha kuume kinarusha risasi. Sababu kila manette, kale kashiko ka kuchezea, iko na kifimbo kimoja tu, vijana walifunga manette mbili juu ya ubao na mupira wa tairi ya baisikeli, ili muntu mumoja acheze kwa mikono yote miwili.

Binti yangu alisimama mulangoni anaangalia. Kijana mumoja akamurushia neno: "Dada, wewe utacheza na nini? Na meno?" Wakacheka wote.

Nikatua kitunga changu cha maharagi palepale. Nikamuambia, "Atacheza na mama yake. Toka mu kiti."

Nikashika kifimbo cha kushoto, yeye cha kuume. Tulikufa mbio kabisa! Sababu mule ndani kuna watu wengine wadogo wanazunguka ovyo, ukiwagusa unawaokoa, na mimi niliwakimbilia wote. Hapo ule mutoto asiyesema akapiga kelele: "Mama, huku! Mama, achana na huyo!"

"Nimuache namna gani? Si iko muntu?"

"Iko wa televizio, Mama! Utatuua!"

Akacheka. Mutoto wangu akacheka, kitenge kikaanguka chini, na hakukiokota.

Tangu siku ile tulirudi kila tulipouza maharagi. Sasa waulize vijana wa centre nani anawapiga! Wanaleta hata vijana wa kijiji cha Kingi kujaribu, wanarudi na aibu yao. Risasi za binti yangu hazipotei. Mimi niko miguu, yeye iko macho. Mwenye butiki alipotaka kuiuza ile mashini, nilitoa mbuzi wangu mwenyewe, si wa muntu, nikaipeleka nyumbani pamoja na televizio yake ndogo, batri na pano.

Papa mukubwa alipoiona, alishika kichwa. Yeye ni muzee wa kanisa. "Risasi ilikula mukono wa mutoto, na wewe unamufundisha kurusha risasi? Masikio yako hayasikii risasi kule mulimani?"

"Yanasikia, Papa mukubwa. Lakini mule ndani tunarushia vyuma. Watu tunawaokota."

"Ni shetani ileile."

"Basi shetani njo alimurudishia mutoto sauti?"

Akatoka. Kweli nilimujibu vibaya, lakini nilimujibu.

Kisha vita ikafika karibu yetu. Masasi ya bunduki yalilia asubuhi, watu wote mbio. Zamani binti yangu angejificha chini ya kitanda. Siku ile alinishika na mukono wake ule mubaya: "Mama, si njia kubwa, tupite mu migomba!" Tukakimbia, yeye akichagua njia. Ghafla akasimama. Mama mukubwa, muke wa Papa mukubwa, mwenye magoti yanayouma, alikuwa amekaa chini nyuma yetu, bwana yake amekwisha kutangulia na majirani.

Binti yangu akasema, "Rudi, Mama. Tumuokote."

Tulimuokota. Tukamubeba katikati yetu mpaka kwenye usalama. Nilijua ni wapi alitoa lile neno, na nililia njia nzima bila kusimama.

Tuliporudi nyumbani nilifikiri mambo yamekwisha. Haya! Papa mukubwa alishukuru mbele ya watu, kisha akaniita pembeni: "Namushukuru mutoto. Lakini mashini ni mashini. Jumapili nikitoka kanisani nisiikute. Ukiipenda sana, toka nayo."

Mwenye butiki anasema tuhamie na mashini mu chumba cha nyuma ya duka lake, binti yangu awafundishe wateja kucheza. Muke wake mwenyewe alikuja kuniambia nikubali. Lakini mujane akitoka kwa wakwe zake kwenda kukaa kwa mufanyabiashara, munajua midomo ya hapa. Na Mama mukubwa ananishika nguo: "Usiende. Nani atanionyesha ule muchezo?" Anakaa nyuma yetu sasa, anapiga kelele kuliko sisi: "Munaacha yule! Muokoteni!"

Wapendwa, nishaurini: nibaki nipambane na muzee wa watu ndani ya nyumba yake, ao nihame na midomo iseme? Hayo mawili tu njo nauliza. Atakayeniambia nitoe mashini, aje kwanza acheze na binti yangu, akimushinda tutaongea.

Naishia hapa, anaita: "Mama, kuja! Miguu yangu iko wapi?"