Miguu ya Mbinzo

Nilipokuwa msichana wa miaka minane, waasi waliingia mjini kwetu majira ya mbinzo, wale viwavi tunaowala. Wamama wa mtaa wa Mangobo waliendelea kuwauza kwenye beseni, wengine wakiwa bado hai, huku sikio likiwa barabarani kusikiliza malori. Papa alikuwa karani wa serikali. Vijana wenye mikuki walimchukua asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi.

Bibi, mama yake papa, ndiye aliyenifundisha kuuliza. Aliweka kiwavi mmoja juu ya jani la muhogo.

"Mutaje papa yako, kisha angalia miguu. Ya nyuma ikitangulia, iko njiani anarudia. Ya mbele ikitangulia, tusimungojee tena."

Nikamtaja. Mkia ukanyanyuka, vijiguu vinene vya mwisho vikaachia jani na kushika mbele kidogo, kisha vilivyofuata, wimbi likapanda mwilini hadi kichwani. Nilipiga kelele kwa furaha. Niliuliza kila siku, na kila siku nilijibiwa vilevile.

Kisha akaja Tonton, kaka yake mama, kutupeleka msituni upande wa Masako.

"Bon, fungeni vitu. Hapa watatumaliza."

"Papa anarudia," nikasema. "Mbinzo imeonyesha. Akikuta nyumba haina mutu?"

Mama aliniangalia, halafu akafungua kitenge alichofungia vyombo, akavirudisha jikoni kimoja kimoja. Tonton aliondoka peke yake.

Papa hakurudi. Siku askari wa serikali walipokuja kuuteka tena mji, risasi ilipenya ukuta wa udongo ikamkuta Bibi juu ya mkeka wake wa sala.

Nilipokuja kuwa mwalimu wa biolojia, niliwachunguza viwavi wengi pamoja na wanafunzi wangu. Wakienda mbele, wote hutanguliza miguu ya nyuma. Ndivyo walivyoumbwa. Jioni moja nilimweleza mama.

"Nimekula mbinzo tangu utoto," akasema, akiendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. "Nilijua."

"Sasa juu ya nini ulibakia?"

"Hata mimi nilikuwa natamani kumungojea. Hata ungenyamaza, nilikuwa nabakia tu."

Mama naye tumeshamzika. Mpaka leo sijui kama aliniambia ukweli, au alinihurumia.