Daktari Aliyeacha Kunusa

Kabla ya kufungua boneti ya gari lolote, Daktari alifuta mikono kwa tambara, akaweka mgongo wa kiganja juu ya bati, akauacha hapo kidogo, kama mzazi anayempima mtoto homa. Liwe limetoka safarini na joto lake au limelala wiki nzima, jipya au la kuokotwa, hakuliruka. Madereva walimcheka, wakamwiga, na mwishowe wakampa jina hilo la Daktari, likamganda mpaka mkewe naye akawa anamwita hivyo akitaka kumtania. Yeye hakuacha. Alisema gari usilolisalimu halikuambii linaumwa wapi.

Binti wa kaka yake alikulia katika gereji yake. Baba yake alipofariki, Daktari alimchukua, akamsomesha, na binti alipokataa kazi ya ofisini akataka kuendesha lori, ukoo mzima ulipiga kelele isipokuwa yeye. Alimwuliza tu kama ana hakika miguu yake inafika kwenye pedali.

Kwa hiyo siku ile binti alipoegesha lori mbele ya gereji, hakuja kama mteja. Alikuja na shida mbili, moja aliyoweza kuisema na nyingine aliyoimeza.

Aliyoweza kuisema ni kwamba lori lilikuwa linapoteza maji ya dawa ya kupozea injini. Kila alipopanda mlima, maji katika chupa ya akiba kando ya rejeta yalishuka, na kabini ikajaa harufu tamu kama peremende iliyoyeyukia kwenye jiko. Safari ya mwisho, kwenye kona za juu ambako ukungu hulala barabarani hata mchana, kioo cha mbele kilishika utando wa mafutamafuta kwa ndani. Aliufuta kwa kiganja, ukasambaa. Aliufuta kwa mkono wa sweta, ukasambaa zaidi. Alipokuja kuiona barabara, gurudumu la mbele lilikuwa linasaga changarawe za ukingoni, na baada ya changarawe zile hapakuwa na kitu ila weupe. Alisimamisha lori, akashuka, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

Aliyoimeza ilimhusu Daktari mwenyewe. Alikuwa ameshalipima lori hilo zaidi ya mara moja akasema ni zima. Kila alipoambiwa juu ya harufu, aliingiza kichwa kabini, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Hamna kitu, mwanangu. Ni jasho la kioo." Na sasa, kesho tu, binti alitakiwa kupanda mlima uleule akiwa na mzigo.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na gereji ya kijana mmoja aliyesifiwa sana, na madereva wenzake binti walikuwa wameshamshauri aende huko. Lakini lori lake likionekana ng'ambo, boneti wazi, mtaa mzima ungejua maana yake. Ingekuwa kama kumvua mzee nguo mbele za watu. Usiku kucha alikuwa akigeukageuka kitandani akipima aibu ya mzee na kina cha bonde lililokuwa nyuma ya ule weupe. Alipofika alikuwa ameamua kwamba Daktari atalipima kwa mara ya mwisho, na asipoona kitu, atavuka barabara.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umerudi na kioo chako kinachotoka jasho?"

"Nimerudi nacho."

Jirani wa gereji, fundi wa kuchomelea aliyeitwa Cheche, aliinua miwani yake myeusi. "Daktari, mgonjwa huyu haponi. Mpe kitanda kabisa, alazwe."

"Wewe choma mageti yako. Lile la juzi mwenye nyumba analifunga na kuku bado anapita."

"Alitaka geti la kupitisha upepo."

"Na wezi," alisema Daktari. Aliweka mgongo wa kiganja juu ya boneti, akaifungua. Injini ilipopoa, alitoa kifuniko cha rejeta, akafunga pampu yake ya kupimia mahali pake, akasukuma upepo mpaka mshale wa saa ya pampu ukapanda. Kisha walisubiri. Maji yakiwa yanavuja popote, upepo ungetoroka na mshale ungeshuka. Mshale ulisimama wima kama askari wa gwaride.

"Umeona mwenyewe," alisema Daktari.

"Sasa maji yanakwenda wapi?"

"Maji hukauka."

"Maji ya dawa hayakauki hivihivi, baba mdogo. Nani alinifundisha, kama si wewe?"

Daktari alijikuna kidevu, akatoa dawa ambayo kila fundi wa mji ule alikuwa nayo mfukoni. "Basi tuikate hita. Mipira miwili inayopeleka maji kabini tunaiunganisha huku nje, maji yanazunguka kwenye injini tu. Joto lote hili, nani anataka hita?"

Hakusema uongo. Huku chini malori mengi hita zake zilikatwa zamani, na madereva wake hawakujua hata swichi yake iko wapi.

"Mimi naitaka," binti alisema. "Kule juu bila hita kioo hakionyeshi. Niendeshe nimetoa kichwa dirishani kama mbuzi?"

Cheche alicheka peke yake.

Binti alipanda kabini ili uso wake usionekane. Kupitia kioo cha mbele aliiona gereji ya ng'ambo, lango lake likiwa wazi. Alikuwa anatafuta maneno. Atamwambia mzee nini, kwamba anavuka kununua kifuniko cha rejeta tu? Na wakati akitafuta, mkono wake ulifanya ulichozoea kufanya kila alipokaa kwenye kiti kile akiwaza mlima: ulizungusha kitasa cha hita mpaka kwenye alama nyekundu.

"Umegusa nini humo?" Sauti ya Daktari ilitoka chini ya boneti, kali.

"Hita tu. Nimeifungua."

"Ifunge." Akaifunga. "Ifungue tena." Akaifungua.

Binti aliposhuka alimkuta ameinamia saa ya pampu, na mshale ulikuwa unashuka, polepole, bila kusita. Binti hakuhitaji kuelezwa. Mara zote mzee alipopima, koki ya kitasa kile, inayofungua mipira yote miwili ya hita, ilikuwa imefungwa, kwa kuwa huku chini hakuna anayeifungua. Upepo wake ulikuwa unapita nje ya chumba cha mgonjwa bila kugonga mlango.

"Kumbe Daktari alikuwa anapima ukuta," alisema Cheche.

Daktari hakumrudishia. Hapo ndipo binti alipoanza kuogopa, maana tangu amjue, mzee huyo hakuwahi kuacha mzaha wa Cheche uanguke chini.

Zulia la upande wa abiria lilikuwa limeanza kulowa, na ule utamu ulikuwa umejaa kabini. "Njoo unuse, baba mdogo. Leo harufu iko wazi kabisa."

Daktari alipanda ngazi, akaingiza kichwa, akavuta pumzi. Binti aliziona tundu za pua yake zikitanuka, zikangoja, zikarudi. Alivuta tena. Kisha akamtupia Cheche jicho, na alipoona amekwisha kuwasha moto wake, akasema kwa sauti ya chini, "Sinusi kitu."

"Hata kidogo?"

"Tangu ile homa ya mwaka jana. Hata dizeli siinusi. Hata sabuni."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Fundi asiyenusa ana tofauti gani na mpishi asiye na ulimi?"

Binti alikumbuka kicheko cha mama mdogo, mke wa Daktari, alipomsimulia jinsi sufuria ilivyoungua ikawa makaa na mumewe amekaa palepale jikoni akisoma gazeti. Mwisho wa kicheko mama mdogo alikuwa ameongeza kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Wote wawili walidhani wanazungumzia uvivu wa wanaume.

Walifanya kazi bila maneno mengi. Walimwaga maji, wakafungua dashibodi, na Daktari akaichomoa rejeta ndogo ya hita, isiyozidi ukubwa wa kitabu cha shule. Aliziba mdomo mmoja kwa kizibo, akaizamisha kwenye beseni, akapuliza upepo katika mdomo wa pili. Mapovu yakapanda kutoka kwenye pembe moja, membamba, yakifuatana kama shanga. Daktari aliisugua pembe ile mpaka shaba ikang'aa, akailehemu. Mikono yake ilikuwa ileile ya siku zote. Risasi ya kulehemia ilitiririka mahali alipoiamuru, ikakaa. Alipoizamisha tena, maji yalitulia.

Ila kabla ya kuirudisha alisema, "Ingiza kichwa hapo ilipokuwa. Nusa. Kuna kilichobaki?"

Binti alinusa. "Kidogo. Chini ya feni."

"Pafute." Alipomaliza akamwuliza tena, "Sasa je?"

Hakuwahi kumwuliza mtu yeyote swali kama hilo. Binti alijibu kwamba pamekauka, na alijibu akiwa amempa mgongo.

Walijaza maji mapya, wakawasha injini hita ikiwa wazi ili upepo uliobaki utoke, wakaiacha ipoe, wakapima tena huku koki ikiwa wazi. Mshale ulisimama. Kioo kilikuwa safi, na binti hakuivuka barabara. Alitarajia kufurahi. Lakini Daktari alikuwa anamtazama kama mtu aliyeitwa kuja kutambua mwili.

"Kule kwenye kona," aliuliza, "ulifika wapi?"

"Ukingoni tu. Si sana."

"Si sana ni wapi?"

"Baba mdogo, nimerudi."

Daktari aliinama akaanza kukusanya spana, moja moja, akizipanga kwa ukubwa.

Kesho yake mlima ulimpokea binti vizuri. Ukungu ulikuwepo, ila kioo kilionyesha, na miguu yake ilipata joto. Alikuwa bado upande wa pili wa mlima mama mdogo alipompigia simu. Daktari alikuwa amelala mchana baada ya kuoga, na alipoitwa hakuamka tena.

Wakati wote wa kurudi, alichokuwa nacho binti kichwani ni ile asubuhi ya kuondoka. Mzee alikuwa amekuja kabla gereji haijafunguliwa, akiwa na shati safi, akaushika ukingo wa dirisha la lori injini ikiwa inanguruma, akasema taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno usiku:

"Ukiinusa tena harufu ile, mwanangu, usije kwangu kwanza. Nenda kwa yule kijana wa ng'ambo, na usione haya."